Debe la Ba na Chozi wa Jalalani

Najua mnanicheka. Kila nikija vitaluni kwenu pale barabarani, kabla sijaingia katikati ya miche naokota kopo lolote lililo karibu, nalipiga kwa fimbo, nasubiri kidogo, ndipo naingia. Yule kijana wenu mrefu ameshawaambia wenzake kwamba bibi anafukuza nyoka. Binti anayeuza mawaridi anasema ni uzee tu, tumwache. Nimeona niwaandikie, maana nikiwaeleza kwa mdomo hamfiki nusu, mteja anakuja kuuliza bei ya mchikichi wa mapambo, na mimi nabaki nimeachama.

Kazi ya bustani niliianza nikiwa mke mchanga, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, Mbeya ikiwa bado mji wa mabati machache na mikaratusi mingi. Mume wangu Ambakisye alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Baba Jayant, Mhindi aliyeuza nguo mbele na kununua mchele nyuma. Mke wake, Mama Jayant, ndiye aliyeniajiri. Siku moja aliniona nikiyapanga upya mawe yaliyozunguka mti wake wa limau kwa sababu tu yalikuwa yananikera, akaniambia kesho njoo na jembe.

Hakuniajiri nimlimie mboga. Aliniajiri nimletee ndege. Mama wa mumewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, alikuwa ametoka kuishi Iringa kwa mtoto wake mkubwa. Kule dirishani kwake kulikuwa na mishubiri, na kila asubuhi chozi walikuja kunyonya maua. Chozi mnamjua: yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, dume lake linang'aa kijani mpaka unadhani limepakwa mafuta. Ba alipofika Mbeya akakuta ukungu, kabichi na kuku. Akakaa barazani na fimbo yake akilalamika tangu chai ya asubuhi hadi chai ya jioni.

"Mbeya hapana ndege," alikuwa akisema. "Iko baridi tu. Mimi rudi Iringa."

Baba Jayant kwa upande wake alikuwa na shida yake. Mchele wa Usangu ulikuwa ukishuka kutoka Rujewa kwa malori, magunia yamejaa stoo, yamejaa ukumbini, na mengine alilala nayo chumbani. Alikitamani kile kiwanja cha nyuma ajenge ghala. Basi akamwambia mkewe kwa upole, kama mtu anayejua atashinda: chozi wakija kabla mchele mpya haujaanza kushuka, kiwanja kibaki bustani, wasipokuja, Ba arudi kwenye mishubiri yake na yeye ajenge.

Hapo ndipo roho yangu ilipokamatika. Sisi Wanyakyusa tulikuwa na desturi kali. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hamsogelei, wala hatamki jina lake. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia porini. Nilipoolewa, nilikaa miezi ya kwanza kule mlimani upande wa Tukuyu kwenye mji wa baba mkwe, na nawaambieni nilichoka. Mzee akikohoa, najibanza nyuma ya mgomba. Akitoka kuota jua, mimi naingia jikoni kwenye moshi. Mjini nilikuwa na mlango wangu na kazi yangu, natembea nimenyoosha mgongo. Bustani ikigeuka ghala, kazi imekwisha, na Ambakisye alishasema bila kazi yangu hatuwezi kukaa mjini wawili. Ningerudi nyuma ya mgomba.

Kwa hiyo nikapanda kama mtu anayekimbizwa. Sasa fungueni masikio, hapa pana kazi. Hawa ndege mnaowaona kwenye simu zenu, wanaoelea hewani mbele ya ua kama nyuki mkubwa, hao ni wa Amerika. Hawaji Mbeya hata mkiwaandikia barua. Chozi wetu anajua kuelea kidogo, lakini si kwa kupenda; anataka akae ndipo anyonye. Kwa hiyo ua lake lazima liwe na shina gumu la kusimamia. Pili, anapenda ua refu lenye umbo la mrija, jekundu au la rangi ya machungwa. Mawaridi yenu haya yaliyojaa mikunjo hayana faida kwake. Tatu, usifagie kila utando wa buibui, maana jike hufumia kiota kwa utando huo. Na usipande mmea mmoja hapa, mmoja kule, kama mtu aliyetoboka mfuko. Panda kichaka, ndege akione toka mbali.

Tulipokuwa wasichana tukichunga ndama, ua tulilokuwa tukigombania na chozi ni la lile gugu refu la kandokando ya mashamba, lenye shina la pembe nne na maua ya machungwa yaliyopangana vidungu vidungu, ghorofa juu ya ghorofa, kila ghorofa na miiba yake. Unachomoa ua, unanyonya asali kidogo, chozi anakutukana kutoka juu ya mti. Basi mvua zilipoanza nikazunguka nje ya mji nikichimbua michipukizi ya gugu hilo, nikaipanda kichaka kizima mbele ya baraza la Ba. Wapita njia waliniuliza kama nimeachwa na mume.

Ba akaona mwanamke mmoja analima polepole mno. Akamwita Ambakisye pale kwenye cherehani, akamwagiza alete mwanamume anayeijua ardhi. Ambakisye ni mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini mawazo yake yalikuwa yakienda kama cherehani yake, mshono mmoja baada ya mwingine. Alifikiri ni nani anayeijua ardhi kuliko wote. Akapanda lori hadi Tukuyu, akamleta baba yake.

Nilikuwa nimechuchumaa asubuhi hiyo nikimwagilia, nikasikia kikohozi nyuma ya mti wa limau. Kikohozi kile ningekijua hata katikati ya gulio. Nikatupa kopo, nikajifunika khanga kichwani, nikakimbia bila kuona niendako na kuingia kwenye banda la kuku. Kule nikakaa na majogoo wawili hadi Mama Jayant alipokuja kuniuliza kama ninaumwa.

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavuta ncha ya sari yake, akajifunika uso mpaka kidevuni, akaniambia hivyo ndivyo alivyoishi yeye mbele ya baba mkwe wake mpaka alipofariki, na siku moja alimwagia chai mgeni akidhani ni kikombe. Hakuniambia desturi yetu ni ya ajabu. Aliniuliza tu tufanyeje.

Tukaweka sheria. Asubuhi bustani ni ya mzee, jioni ni yangu. Na kwa kuwa mtu husahau jembe akarudi kulichukua, tukatundika debe tupu kwenye nguzo ya baraza. Anayetaka kuingia analipiga kwanza, na aliye ndani anatoka upande wa pili, bila kugeuka. Sheria ilikuwa nzuri kabisa. Kosa letu lilikuwa kulitundika debe mahali ambapo fimbo ya Ba ilifika.

Bibi wa watu alikuwa amechoka kukaa. Aligundua siku ya kwanza tu kwamba akilipiga debe, mtu mzima anaruka. Basi akawa analipiga. Mimi nimeinama na mche mkononi, debe linalia, najitupa nyuma ya kabichi. Asubuhi ilikuwa zamu ya mzee. Niliambiwa alipanda mpera kwa wepesi ambao hata Ambakisye hakuamini. Ba anatulia, anakunywa chai, analipiga tena. Mama Jayant akimkanya, yeye husema mkono umeteleza.

Hilo lingevumilika. Kisichovumilika kilikuwa hiki: nilichokipanda jioni, asubuhi mzee alikuwa anaking'oa. Nawezaje kumlaumu? Yeye ni mkulima. Amekuta gugu la shambani mbele ya nyumba ya watu. Aling'oa na mizizi, akatupa kule nyuma kwenye jalala karibu na choo, akainua matuta yaliyonyooka kama mistari ya daftari, akapanda maharage na migomba. Mimi jioni nakuta maharage, nayasogeza kwa heshima, napanda gugu jingine. Asubuhi gugu linakwenda jalalani. Kumbe naye alikuwa anajiuliza ni mbuzi wa nani huyu anayekuja na mbegu miguuni kila siku.

Nikamtuma mume wangu. Nilimwambia wazi: mwambie mzee yale si magugu, ndiyo dawa ya ndege, asiyaguse. Ambakisye alimwogopa baba yake na alikuwa ananiogopa mimi, kwa hiyo maneno yakipita kwake yalikuwa yanavuliwa meno. Alipofika kwa baba yake alisema, mkamwana anakusalimu sana na anashukuru kwa kazi yako. Mzee akafurahi, akang'oa mara mbili. Akamwambia mwanawe, mwambie mkamwana mbuzi huyo afungwe. Ambakisye akaja kwangu akasema, mzee anakusifu.

Wakati huo Ba naye akaleta utaalamu wake. Alisema chozi anataka utamu, basi apewe utamu. Akamfanya Mama Jayant apike shira ya kuchovyea jalebi, tukaijaza kwenye chupa, tukazitundika chini ya paa zikiwa zimefungwa vitambaa vyekundu. Chozi hakuja hata mmoja. Walikuja nyuki, wakaja siafu, akaja Ambakisye. Siku tatu duka zima lilinunua nguo likijipiga makofi shingoni. Ninyi vijana, mkitaka ndege, pandeni ua; sukari iacheni kwenye chai.

Mvua zikaanza kupungua. Maharage ya mzee yalistawi kama ya shule. Gugu langu halikuonekana hata jani. Baba Jayant akaanza kupita uani jioni akihesabu kwa hatua, huku akipiga mluzi. Mluzi ule ulinikosesha usingizi kuliko matusi.

Kisha Ba akaanza kuumwa tumbo. Angalau ndivyo tulivyodhani. Kila asubuhi, chai ikiisha tu, alichukua fimbo yake akaenda choo cha nyuma, na hakurudi. Jua linapanda, Ba yuko chooni. Mama Jayant anagonga mlango, Ba anasema tumbo. Alipewa maji ya mchele, akapewa tangawizi, akapewa mafuta ya nyonyo, ambayo kwa mtu mwenye tumbo zima si jambo la mzaha, naye akayanywa bila kusema neno. Na ajabu, alikuwa ananenepa. Hakulalamika tena kuhusu Mbeya. Debe likakaa kimya hadi likaota kutu. Sisi tukaanza kuogopa, maana mtu wa kelele akinyamaza, watu wanaanza kutafuta sanda.

Baba Jayant akampelekea kaka yake habari, na kaka mtu akaja na gari lake kutoka Iringa kumchukua mama. Akaliegesha nyuma ya nyumba, karibu na choo, ili Ba asitembee mbali na mizigo. Mchana huohuo Baba Jayant akatoka na kamba na vigingi kupima ghala. Mzee naye, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, aliitwa aje upande wa mbele wa kiwanja, ambako mimi simwoni, achimbe mashimo ya nguzo. Mimi nilikuwa bustanini, nimejifunika khanga uso mzima, si kwa adabu safari hii. Nilikuwa nalia.

Ba akaitwa atoke, gari liko tayari. Hakutoka. Akaitwa mara ya pili. Kaka mtu akasema tumvunjie mlango, mama yetu amezimia.

Mlango ukafunguka wenyewe, Ba akatoka na fimbo juu, mzima kabisa, amekasirika.

"Funika kioo ya gari," akasema. "Ndege yangu iko choka."

Wote tukageuka kutazama gari. Juu ya kile kioo cha pembeni, chozi dume, wa kijani, mwenye mkia mrefu, alikuwa akipigana na sura yake mwenyewe. Anaipiga mdomo, anarudi nyuma, anajinyoosha manyoya, anaipiga tena. Dume la chozi likikuta kioo halikubali kwamba kuna mwingine mzuri kama yeye. Mkiwa na bustani ya chozi, magari yaegesheni mbali au vioo vivalisheni soksi.

"Ndege gani, Ba?" Baba Jayant akauliza taratibu, kamba mkononi.

Ba akaona amejifichua. Kumbe yale magugu yote aliyoyang'oa mzee hayakufa. Ukiling'oa gugu lile na kulitupa kwenye samadi yenye unyevu, linaona umelihamishia nyumba nzuri zaidi. Pale jalalani, juu ya kinyesi cha kuku na maganda ya ndizi, lilikuwa limeota kuliko urefu wa mtu, limechanua ghorofa juu ya ghorofa, na chozi walikuwa wamejaa. Ukuta wa choo ulituficha yote hayo, na mahali pekee pa kuwaona ndege palikuwa tundu lake la hewa. Ba aliwaona siku nyingi. Lakini alikuwa ameshasema Mbeya haina ndege, na mwanamke yule alikuwa radhi anywe mafuta ya nyonyo kuliko kusema amekosea.

Alitembea hadi barazani, akanyanyua fimbo, akalipiga lile debe kwa nguvu zake zote.

Sasa fikirieni. Sheria ni sheria. Mimi nikajua mzee anaingia. Mzee kule mbele akajua mimi ninakuja. Kabichi zilikuwa zimevunwa, mpera ulikuwa na watu chini yake. Mimi nikakimbia kupitia banda la kuku, yeye akakimbia kupitia kando ya choo, na kila mmoja akajitupa kwenye maficho pekee yaliyobaki. Nikasikia kikohozi. Alikuwa upande wa pili wa kichaka kilekile, mbali kama urefu wa mpini wa jembe, na katikati yetu maua, miiba na chozi.

Hakuna aliyeweza kutoka. Akitoka yeye namwona, nikitoka mimi ananiona. Nikafumba macho, nikakaa kwenye samadi. Chozi nao wakarudi mmoja mmoja, wakatunyonyea maua juu ya vichwa. Ndipo mzee akaanza kusema, wala hakusema nami. Alikuwa anasema na ndege.

"Wewe chozi," akasema. "Aliyepanda haya mwambie, mimi niliyang'oa yote nikidhani ni mbuzi. Mwambie sing'oi tena."

Tangu niolewe, hilo lilikuwa neno la kwanza la mzee kunifikia bila kupita kinywani mwa Ambakisye. Nami nikamtafuta chozi wangu, jike, wa rangi ya majivu, nikamwambia kwa sauti ndogo.

"Mwambie mzee, ua la mgomba asilikate. Mnalipenda sana."

Kwetu mkulima wa migomba hulikata lile ua linaloning'inia ili ndizi zinenepe. Kumwomba mzee wa Kinyakyusa aliache ni kumwomba avune mkungu mwembamba mbele ya wenzake. Alikohoa, akakohoa tena.

"Mwambie nitaacha moja," akasema. "La ule mgomba wa nyuma ya choo, ambao watu hawauoni."

Nikacheka ndani ya khanga. Nikasikia naye anacheka kule upande wake, na kichaka kikatikisika, na chozi wakaruka wote.

Ba hakwenda Iringa. Baba Jayant aliikunja kamba, na ghala akalijenga kandokando ya duka ambako tangu mwanzo palikuwa na nafasi, ila hapakuwa na kivuli. Jalala likawekewa benchi na ikapigwa marufuku kuliita jalala. Kaka mtu alirudi Iringa na mkungu wa ndizi na soksi za mtoto wao Jayant kwenye vioo vya gari.

Mimi na mzee tulilima bustani ile miaka mingi, yeye asubuhi, mimi jioni. Tukiwa na jambo, tuliongea na chozi. Chozi wasipokuwepo tuliongea na mgomba, na siku moja tuliongea na jogoo, ambaye hakutulia. Alinifundisha kukatia mimea bila kumwona akikata: nilikuwa nakuta jioni tawi limekatwa kwa mshazari juu kidogo ya chipukizi, maji ya mvua yateleze, na kisu kimeachwa pembeni kimenolewa, mpini umeelekezwa kwangu. Mimi nilimwachia maji ya kunawa kwenye kopo, na kopo nilikuwa nalikuta limesuuzwa. Nilimpenda mzee yule. Nalisema sasa kwa sababu wakati ule hapakuwa na ndege wa kumtuma na neno kama hilo.

Jina lake sijalitaja humu, na mkiniuliza sitalitaja. Sura yake siijui. Alirudi mlimani akafia kwake, na siku ya msiba nilikuwa na wanawake wenzangu, khanga kichwani, natazama chini kama inavyotakiwa.

Basi mkiniona nimesimama nje ya kitalu chenu napiga kopo, kisha nasubiri, msiseme ni nyoka. Nampa mzee nafasi atangulie kutoka.